Kwa nini mtu anayegoma kupigwa picha ya simu anakubali kuchorwa?

#1 ChoraMtaa
Habari za jioni wadau. Nachora mitaa ya Dar, jioni nikitoka kazini na Jumapili asubuhi. Kalamu, daftari, basi. Vijiwe vya kahawa, mama lishe anapakua, fundi cherehani barazani, foleni ya mwendokasi Gerezani, wabeba mizigo Kariakoo.

Kuna jambo linanisumbua akili. Juzi Buguruni kijana mmoja alitoa simu ampige picha mama anayeuza vitumbua pale kituoni. Yule mama alimfokea mpaka abiria wakageuka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara namchora tangu anawasha jiko, na ananiona kabisa. Hakusema kitu. Nilipomaliza nikamsogelea nimwonyeshe, akacheka, akasema nimemrefusha shingo, akaita wenzake waje waone. Na si yeye peke yake. Wavuvi wa Feri, makondakta, wazee wa bao, wote hao ukiwaelekezea simu ni ugomvi, ukitoa daftari wanatulia. Wengine wanajiweka vizuri.

Dai langu: watu hawakatai kutazamwa, wanakataa kuchukuliwa juu kwa juu. Kuchora kunakula muda, na muda wote huo mwenzako ana nafasi ya kukwambia acha. Asiposema, amekuruhusu. Nani ana maelezo mengine?

#2 MzeeWaKijiwe
Mkuu mbona rahisi. Picha inaenda mtandaoni, mchoro unabaki kwenye daftari. Watu wamechoka kuamka asubuhi na kukuta sura zao kwenye simu za watu wasiowajua, na chini yake maneno ya kuwacheka. Muulize huyo mama atakujibu hivyo hivyo.

#3 BintiTemeke
#2 sasa si ChoraMtaa mwenyewe anaipiga picha michoro yake na kuipandisha mtandaoni? Nimeiona kwa macho yangu. Hoja yako imeishia mlangoni.

#4 MzeeWaKijiwe
Haijaishia dada. Kwenye mchoro huyo mama hatambuliki. Ni mwanamke na kikaango. Kwenye picha ni yeye, na kanga yake, na jirani yake anayemdai.

#5 ChoraMtaa
Anatambulika mzee. Wenzake walimtambua kwa jinsi anavyoinama tu, sura hata sijaimaliza. Kwa anayemjua, mchoro unamtaja mtu kuliko picha.

#6 RulaNaPenseli
Mimi nimesoma usanifu majengo, tulikuwa tunatumwa mtaani kuchora nyumba. Niwape upande wa pili, kwa sababu mwenzetu #1 anazungumza kana kwamba daftari halimtishi mtu. Linatisha. Inategemea unachora nini.

Ukichora mtu, sawa. Ukikaa mbele ya nyumba ya mtu na daftari, ukainua kichwa, ukaandika, ukainua tena, wewe ni mpimaji. Anayeishi kando ya barabara kubwa ameshaona jinsi mambo yanavyoanza: wanakuja watu na makaratasi, baadaye inapakwa X nyekundu ukutani. Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, nyumba nyingi zilivunjwa mwaka 2017. Nenda kachore nyumba za maeneo yale uone utakavyopokelewa. Mzee mmoja alinisimamia pembeni muda wote, hakunifukuza, ila kila nikimaliza dirisha ananiuliza, "Hilo nalo umeliandika?" Nilipopaka rangi ya mwembe wake ndipo akakaa chini. Aliniambia wapimaji hawachori miembe.

Kwa hiyo muda peke yake si hoja. Mpimaji naye hukaa muda mrefu.

#7 Mkaanga_Kasa
#6 umeeleza vizuri sana hapo kwenye mwembe.

#8 Wakili_Msomaji
Kwa faida ya wanaoanza: msichukulie kuwa kuchora kuna uhuru kuliko kamera kila mahali. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inataja mchoro na ramani pia, siyo picha tu. Kambi, maeneo ya ulinzi, Ikulu, mlinzi akikwambia funga daftari, funga. Hasa nyie wa Feri: pale mnapokaa kuchora ngalawa, Ikulu ipo jirani. Geuzeni migongo, tazameni mkondo wa bandari na pantoni.

Kwenye picha za watu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sidhani muuza vitumbua ameisoma, lakini hisia aliyonayo na sheria vinaelekea upande mmoja.

#9 NganyaArt
Salamu kutoka Nairobi. Hapa sheria hiyo tuko nayo tangu 2019 na inauma. Mwaka 2023 mkahawa mmoja ulipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Tangu hiyo habari itoke, hata watu wa kawaida stejini wanakwambia "utanilipa".

Lakini mimi huchora matatu pale Odeon na sijawahi kusumbuliwa. Makanga (makondakta) wenyewe huniita: "Chora hii yetu, hiyo ingine ni ya mwaka jana." Wenye nganya, yaani matatu zilizopambwa, wamelipa pesa nyingi kwa michoro ya ubavuni, kwa hivyo mtu akija na penseli wanamwona ni mtu wa kazi. Kanjo (askari wa kaunti) akipita anatazama kisha anaenda. Kamera kubwa je? Hapo ataulizia kibali.

#10 BintiTemeke
#9 hiyo "mtu wa kazi" ndiyo maelezo yangu. Bodaboda wa kituo cha nyumbani waliniambia wazi: anayepiga picha amebonyeza tu, kisha anaenda kuiuza, kwa nini mimi nisipate changu? Anayechora wanaona anahangaika. Anafuta, anarudia, jua linampiga. Alichopata amekitolea jasho. Watu wa mtaani wanaheshimu jasho, hawaheshimu kifaa.

#11 MzeeWaKijiwe
Kwa hoja hiyo mpiga picha wa harusi anayelala saa nane za usiku naye angeheshimiwa. Na mbona anadaiwa?

#12 BintiTemeke
Anadaiwa kwa sababu analipwa mzee wangu 😄

#13 Forodhani_Jioni
Asalaam alaykum. Naandika kutoka Unguja. Nasoma hapa naona hakuna aliyeigusa dini, na kwetu ndiyo inayotangulia.

Mnadhani mkono una nafuu kuliko kamera. Kwa wanazuoni wengi ni kinyume chake. Wapo wanaoona picha ya kamera haina neno kwani ni kivuli tu cha kitu kilichokuwepo, lakini kuchora kiumbe chenye roho kwa mkono ndiko kuna makatazo. Mzee wangu aliponiona na daftari hakunigombeza, alinihadithia ile habari ya Ibn Abbas na mchoraji aliyemjia kutaka fatwa, akamwambia kama huna budi basi chora miti na visivyo na roho. Basi mie nachora milango, ngazi, madau ya Malindi, mabaraza, vikapu vya Darajani, minara, mabati yaliyoota kutu. Siku nzima haiishi vya kuchora. Watu nawaweka kwa mbali sana, au kanzu imetundikwa kwenye kamba.

Kwa hivyo huyo bibi wa vitumbua angekuwa hapa Mchangani, huenda simu ingempita na daftari ndilo lingemkera.

#14 ChoraMtaa
Waalaykum salaam. Hili sikulifikiria kabisa, ahsante. Na Buguruni Waislamu ni wengi, kwa hiyo maelezo yangu yanapata shida zaidi.

#15 MwanaBaraza_Msa
Mombasa hapa. Naungana na Forodhani kwa milango, ila Mji wa Kale kwetu kinachoudhi si picha wala mchoro, ni utalii. Watu wa mitaa ya kuzunguka Fort Jesus wamepigwa picha na wageni tangu babu zao. Ukija na kamera u mgeni hata kama umezaliwa Majengo. Ukija na daftari, ukakaa barazani, ukaagiza kahawa chungu na kashata, hapo ushakuwa mwana wa mtaa. Kwani lazima ukae. Huwezi kuchora ukitembea.

Mimi hukaa Marikiti alfajiri hamali wanaposhusha magunia. Wananipa kigoda. Hakuna aliyewahi kumpa kigoda mpiga picha, kwani hakai.

#16 RulaNaPenseli
Hilo la kigoda lina maana kubwa kiufundi pia, ngoja nidandie maana nimeona wanaoanza wengi wanapotea hapa. Ukisimama kwenye ardhi tambarare, vichwa vya watu wazima wote, wa karibu na wa mbali, vinakaa karibu kwenye mstari mmoja, usawa wa macho yako. Kinachobadilika ni miguu: wa karibu miguu inashuka chini ya karatasi, wa mbali inapanda. Ukipewa kigoda, mstari wa macho yako umeshuka hadi usawa wa viuno vyao, na watu wote wanakuwa warefu juu yake. Ndiyo maana michoro ya sokoni iliyochorwa kwa kukaa ina ukubwa fulani, mbeba gunia anakuwa mtu mzito. Piga mstari mmoja hafifu kwanza, kisha tundika watu wako hapo. Uwanja wa Mnazi Mmoja ni pazuri pa kujifunzia.

#17 KalamuYaBuluu
Samahani kutoka nje ya mada kidogo, mnatumia kalamu gani? Nimejaribu kupaka rangi za maji juu ya wino, kila kitu kikawa tope.

#18 ChoraMtaa
Kalamu ya kawaida ya Bic. Wino wake ni wa mafuta, ukipitisha brashi yenye maji haukimbii. Kalamu za jeli nyingi ndizo zinazokimbia.

#19 RulaNaPenseli
Naongezea kwa #18: haikimbii maji lakini jua linaila. Mchoro wa Bic ukiubandika ukutani penye mwanga utapauka. Unaotaka udumu, tafuta wino wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, au uache ndani ya daftari. Na karatasi: ya fotokopi ni gramu 80, ukiiwekea maji inajikunja. Anzia gramu 200, ukiweza 300. Maduka ya vifaa vya shule Kariakoo yana manila nzito, unainunua shiti nzima unakata vipande. Watakaokwambia ununue daftari la bei kubwa kwanza, waache.

#20 Mkaanga_Kasa
Na jua jamani. Mtu anachora saa sita mchana halafu analalamika picha yake haina uhai. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la mchana linasimama utosini, kivuli cha mtu kinaingia chini ya viatu vyake. Utachora nini hapo? Toka saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi mpaka magharibi.

Na wengi hawajagundua kwamba jua la mchana linahama upande. Juni linakuwa kaskazini, Desemba linakuwa kusini. Ukuta uliokuwa na kivuli kizuri mwezi wa sita, ukirudi Desemba unawaka. Mimi nina kona yangu ya mjini naichora mara mbili kwa mwaka kwa ajili hiyo tu, inakuwa kona mbili.

#21 SamoraKona
Tukirudi kwenye mada. Ukitaka kuchora bila kelele nenda Sanamu ya Askari, makutano ya Samora. Pale hakuna anayejali. Wajerumani waliiweka pazuri, ina pande nzuri zote.

#22 Wakili_Msomaji
Sahihisho: Sanamu ya Askari iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita ya Kwanza. Wajerumani walikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wao, mahali hapo hapo, ikaondolewa walipoondoka wao. Kazi ya Wajerumani kwa pale jirani ni Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lilijengwa kuanzia 1897 hadi 1902, na lile la Azania Front.

#23 SamoraKona
Shukrani mkuu. Basi mnara wa Azania Front na vile vigae vyake vyekundu ndio zoezi langu la kila mwezi.

#24 DaftariLaMwanza
Habari, mimi mwanamke ninayechora Mwanza, na nimesoma kote hapa naona wengi mnaongea kama wanaume. Mwanamke akikaa peke yake na daftari, swali la kwanza si "unachora nini", ni "unamsubiri nani". Wanaume wanasogea. Wengine kwa wema, wengine kwa kutaka namba ya simu, wengine wanataka wachorwe wao na wakae mbele ya kile ninachochora.

Lakini kwa wanawake wenzangu kuna mlango unafunguka. Wauza dagaa wananiita mwanangu, wananieleza bei, ugomvi wa mwalo, nani kaolewa. Simu nikiitoa hata kwa kupiga hesabu tu, mazungumzo yanakatika. Mahali nilipokataliwa kuchora ni kwa mama mwenye kichanga. Alimfunika mtoto kwa kanga, akaniambia kwa upole nichore beseni. Alihofia kijicho. Jicho kali la mtu anayemkodolea mwanawe muda mrefu, unaona? Kwa hiyo ule muda ambao #1 anausifu, kwake ndio ulikuwa hatari, na picha ya haraka pengine ingepita.

#25 ChoraMtaa
Dada umenipa la kulala nalo.

#26 MzeeWaKijiwe
Mnazunguka mbuyu. Wewe DaftariLaMwanza umesema simu ikitoka mazungumzo yanakatika. Kwa sababu simu ni mlango wa kutokea. Ndicho nilichosema #2.

#27 Forodhani_Jioni
Mzee wa #2 una subira ya kurudia. Mie nina jengine, la historia, nalipima kwenu.

Picha kwetu haikuanza kama kitu cha kuibiwa. Mji Mkongwe ulikuwa na studio tangu zamani. Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Bibi zetu walikwenda studio. Walivaa, wakajipaka wanja, wakachagua pazia la nyuma, wakakaa, wakaambiwa usipumue, na wakalipa. Kisha picha ikaja nyumbani, ikawa yao, ikatundikwa au ikatiwa sandukuni. Kwa mtu wa namna hiyo picha ni jambo unalojitayarishia na ukishapigwa ni mali yako. Simu imevunja vyote: hukujitayarisha, hukuchagua, hukuiona, haibaki kwako. Mchoraji bila kujua anarudisha ule utaratibu wa studio. Unakaa, unamwona, anakuonyesha, unasema shingo ndefu, anarekebisha. Ndipo hata akakupa ukurasa ukaenda nao.

Kwa maoni yangu watu hawana neno na picha, wanakumbuka ilivyokuwa adabu yake.

#28 NganyaArt
#27 hiyo imenigusa sana. Ila vijana wa stejini wa miaka ishirini hawajawahi kuingia studio, na bado wanakataa simu na kukubali penseli.

#29 MwanaBaraza_Msa
Wamelelewa na walioingia studio.

#30 BintiTemeke
Au wanapenda kuona mtu akitengeneza kitu. Angalieni watu wanavyomzunguka fundi saa, fundi viatu, mchonga muhuri. Hakuna anayemzunguka anayebonyeza simu. Tusitafute sababu kubwa kila mara.

#31 PakaRangiTu
Mimi huwapiga picha kwa siri kisha nachora nyumbani kwa utulivu. Mchoro unatoka mzuri zaidi, na sigombani na mtu. Kuna ubaya gani? Hata hicho chama cha dunia cha wachora miji kilichoanza Marekani mwaka 2010 sidhani kina tatizo na hilo.

#32 RulaNaPenseli
Sahihisho: 2010 ni mwaka wa kongamano lao la kwanza, Portland. Urban Sketchers ilianza 2007, aliyeianzisha ni Gabriel Campanario, mwandishi wa habari aliyekuwa akichora pale Seattle. Na tatizo wanalo: sharti lao la kwanza kabisa ni kuchora papo hapo, kwa kutazama kitu chenyewe. Si ukali wa bure. Kamera ya simu inavuta kona za majengo na kuua kilicho kivulini. Ukichora kutoka kwenye picha unanakili makosa ya lenzi, na mtu mzoefu anayaona mara moja.

#33 DaftariLaMwanza
Na hilo la "kwa siri" mimi silikubali hata kidogo. Tunajadili hapa kwamba watu hawataki, halafu unachukua kwa mlango wa nyuma.

#34 PakaRangiTu
Nimewasikia. Lakini mtu anayetembea hasimami akusubiri, mnamchoraje?

#35 ChoraMtaa
Humchori yeye. Unachora mwendo, kisha unakusanya. Muuza madafu anapita na baiskeli: nakamata mgongo wake na usukani. Anapita mwingine, nachukua mguu unaokanyaga pedali. Wa tatu ananipa kofia. Mtaani watu wa kazi moja wanajirudia kwa mkao. Kaa sehemu moja saa nzima utaona mkao ule ule umerudi kwa mtu mwingine. Abiria wanaosubiri gari ndio rahisi, wanahamisha uzito mguu mmoja kwenda mwingine kisha wanarudi pale pale.

#36 Mkaanga_Kasa
Kwa hiyo muuza madafu wako ni watu watatu. Basi #4 ana hoja, hatambuliki 😄

#37 MzeeWaKijiwe
Nashukuru mmenifikia.

#38 Mpambe_wa_Kongo
Nimechelewa kuingia ila nina la kusema, na haliendani na mada sana. Mimi nilifanya biashara Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kuna jamaa alikuwa anakuja na daftari, anatuchora tukiwa na meza zetu, mitumba imetundikwa, miavuli, wateja wa mzigo, msongamano ule. Tulimzoea. Oktoba 2021 machinga tukaondolewa barabarani, na Julai ya mwaka huo huo soko kuu lilikuwa limeungua. Ndani ya miezi michache ule mtaa niliokulia kibiashara haukuwepo tena.

Picha za wakati ule zipo, za kwenye magazeti. Zote ni za siku ya tukio: moshi, askari, mabati yaliyovunjwa. Yule jamaa ndiye aliyekuwa na siku za kawaida. Alinipa ukurasa mmoja, meza yangu ipo, na ndoo ya maji ya jirani yangu ipo. Ndoo! Nani angepiga picha ndoo.

Nyie mnaochora, hayo ndiyo muyafikirie. Kukubaliwa au kukataliwa ni dogo.

#39 RulaNaPenseli
#38 sina la kuongeza kwa meza na ndoo. Kwa soko lenyewe: lilisanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa 1975, na lile paa la miavuli ya zege limeelekezwa juu likinge mvua na kuiteremsha kupitia nguzo. Nimelichora kabla ya moto na bado nalichora. Ni jengo gumu kuliko yote Dar, kwa sababu jicho linataka kulinyoosha paa na lenyewe linakataa. Anayetaka kujipima aanzie hapo.

#40 Forodhani_Jioni
Kwetu sisi ni Beit al-Ajaib, jumba la zamani la kifalme. Ilijengwa 1883, ikaanguka sehemu yake pamoja na mnara tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafariki. Nina kurasa zangu za kabla, nguzo na saa. Wanafunzi wa skuli huja kuniazima.

#41 KalamuYaBuluu
Natamani kujifunza na wenzangu. Dar kuna mahali?

#42 ChoraMtaa
Nafasi Art Space, Mikocheni, ipo tangu 2008, wapo wasanii wenye studio zao pale, nenda uongee nao. Vinginevyo njoo Jumapili saa moja asubuhi Mnazi Mmoja, tukianza wawili watatu tunatosha.

#43 Mkaanga_Kasa
Nitakuja. Naomba tusichore mnara tu.

#44 DaftariLaMwanza
Narudi na kisa cha leo, kinaharibu hesabu zote. Nimekaa karibu na fundi viatu mmoja, mzee. Nikatoa daftari. Akainua mkono: "Mwanangu, usinichore." Nikafunga. Tukaongea, nikamletea chai. Baadaye akaniuliza simu yangu ina kamera nzuri? Nikasema ipo. Akavaa shati safi, akakaa wima, akasema nipige, umtumie mwanangu yupo Muscat, nikupe namba. Nikapiga, akaikagua, akaikataa, nikapiga nyingine, akaikubali.

Amekataa mchoro, amekubali simu, na kuipeleka mtandaoni ndiyo ameniagiza mwenyewe. Nielezeni.

#45 Forodhani_Jioni
Shati safi, akakagua, akachagua. Studio hiyo. #27.

#46 MzeeWaKijiwe
Anajua inakokwenda picha yake. #2 bila kupunguza neno.

#47 RulaNaPenseli
Mbona hamsemi la dini? Huenda ni kama alivyoeleza Forodhani mwenyewe #13: mkono hapana, kamera sawa. Ulimuuliza sababu?

#48 DaftariLaMwanza
Nilimuuliza. Amesema mchoro ungemwonyesha amezeeka.

#49 BintiTemeke
Na chai je, hakuna anayeihesabu? Tangu #1 mtu anayepewa muda anaongea, anayeongea anakubali kitu fulani. ChoraMtaa, yule mama wa vitumbua ulinunua vitumbua vyake au hukununua?

#50 ChoraMtaa
Nilinunua. Kabla ya kukaa.

#51 BintiTemeke
Haya.